Nyota Moja kwa Mabinti wa Chumvi

Jumatatu, 24 Februari

Msimu umeanza. Banda la kufungashia limefunguliwa leo saa moja asubuhi, mkanda umewashwa, na matufaha ya Gala yakaanza kupita mbele yangu kama mwaka jana na mwaka juzi. Kazi yangu ni kutoa yaliyochubuka. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Watu wa bonde hili la Huon hunisifu, "Merryn ana jicho." Sawa, ninalo. Nikirudi nyumbani jicho hilohilo nalielekeza kwenye vitabu.

Nimemaliza kile cha binti wa miaka kumi na saba asiyejua kwamba yeye ni malkia. Hawajui kamwe, hawa. Farasi wanajua, mlinzi wa lango anajua, yeye peke yake ndiye kipofu hadi ukurasa wa mia tatu. Halafu kuna mkuu wa giza mwenye umri wa miaka mia nne anayempenda mtoto wa shule, na sisi tunatakiwa tusisimke. Babu mzima wa miaka mia nne hana wa rika lake? Nimekipa nyota mbili, moja ikiwa ya joka, maana ndilo pekee lililokuwa na akili mle ndani.

Nimeandika hivyo kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, Bila Sukari. Wasomaji wamefika elfu nne, wengi wao wasichana wa shule. Wananiamini kwa sababu sisemi nisichokiamini, na kwa sababu sijawahi kuhakiki riwaya nisiyoisoma hadi neno la mwisho, hata zile zinazonitia kichefuchefu. Wapo wanaosoma kurasa hamsini wakamwaga sifa au matusi. Mimi hapana. Sina mume, sina shahada, nyumba ni ya marehemu baba. Jina la mkweli ninalo.

Jumatano, 26 Februari

Moshi wa moto wa msituni umeshuka hadi barabarani. Tumefanya kazi na barakoa. Sikusoma.

Jumatatu, 3 Machi

Bahasha kutoka Melbourne. Wachapishaji hunitumia vitabu wiki kadhaa kabla havijatoka: nakala za awali, jalada jepesi, na onyo mbele kwamba maandishi bado yanaweza kubadilika. Nimezoea. Leo niliichana nimesimama jikoni, hata koti la kazi sijavua, nikakutana na jina la Odette Farrow.

Mabinti wa Chumvi. Kurasa mia tatu themanini na sita. Kitatoka tarehe 22 Aprili.

Niandike hapa, maana hakuna nitakayemwambia. Mabinti wa Chumvi ni wetu. Tulikuwa na miaka kumi na tatu, mimi na Odette, tukikaa kiti kimoja kwenye basi la shule, tukabuni nchi iitwayo Vellin ambako bahari imekauka na umebaki mto mmoja tu. Yeye alikuwa Ilka, mimi Maren. Tulijaza madaftari tisa. Pantoni ya mifupa ya nyangumi niliibuni mimi. Mwisho wa hadithi niliuandika mimi peke yangu, nikiwa na miaka kumi na sita: Maren anashika kamba ya pantoni ili Ilka avuke, kamba inamchuna viganja, kisha inakatika, naye mto unamchukua. Odette alilia ndani ya basi mpaka dereva akauliza nani amekufa.

Tulipofika miaka kumi na minane tulipata nafasi chuo kimoja Melbourne. Mwezi huohuo baba akapata kiharusi. Odette akaenda, mimi nikabaki. Aliniandikia barua mwaka mmoja, kisha kadi za Krismasi, kisha kimya.

Ndani ya bahasha hakutia hata kijikaratasi cha salamu.

Jumanne, 4 Machi

Noelene husimama kulia kwangu kwenye mkanda. Ana miaka sitini na tatu, na hasomi kitu isipokuwa matangazo ya vifo gazetini.

"Una nini leo, mwanangu? Umepitisha tufaha limeoza nusu, nimelitoa mimi."

"Sijisikii vizuri."

"Mwanaume?"

"Kitabu, mama."

"Ee Mungu wangu! Si bora angekuwa mwanaume? Mwanaume unamfukuza."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kuchambua matufaha, akakunja midomo.

"Kwa hiyo kakuibia."

"Sijui kama ni wizi. Tulitunga pamoja."

"Mwenzio kajenga nyumba kwa matofali yenu wote wawili, kahamia peke yake, halafu wewe unauliza kama ni wizi! Mchambue huyo. Si ndiyo kazi yako?"

Nilicheka. Ila neno lile nimerudi nalo nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu asubuhi, moshi umeisha. Nimesoma kurasa mia na ishirini nikiwa kitandani na chai imepoa.

Ni kizuri. Nimekaa nikitafuta neno jingine, silioni. Nimesoma riwaya za njozi za vijana zaidi ya mia sita. Nazijua: ramani mwanzoni, mama aliyekufa, mafunzo ya upanga kwa sura nne, wavulana wawili, mmoja mweupe wa roho na mmoja mwenye kovu. Odette hana hata kimoja. Ana wasichana wawili wenye njaa na mto. Na ana sheria moja, ameiweka ukurasa wa tisa: pantoni ikivuka, lazima mmoja abaki ukingoni. Kila mtu wa Vellin ana aliyemwacha. Kila mlo una sahani moja tupu. Pantoni yangu ya mifupa ipo, na ameiandika vizuri kuliko nilivyoiota. Nimemchukia kwa hilo. Angeiba akaharibu, ningemsamehe.

Alhamisi, 13 Machi

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Ilka anamweleza mgeni jinsi Maren alivyo: "Hawezi kupewa kapu la matunda asitafute lililooza kwanza. Akilipata, anafurahi, kana kwamba kapu zima limekiri kosa."

Nimeweka alamisho, nimefunga.

Ndivyo alivyoniona, na mimi nikidhani napendwa. Alikaa na sentensi hiyo miaka yote hiyo, akaja kuiuza madukani, nami nasimama kwenye mkanda nikitafuta yaliyooza saa nane kwa siku.

Jumatatu, 17 Machi

Gala yamekwisha. Sasa ni matufaha ya Jonagold. Sijafungua kitabu.

Alhamisi, 20 Machi

Sijafungua.

Jumapili, 23 Machi

Amekuja Saskia, mtoto wa kaka yangu, miaka kumi na tano, miguu mirefu, mdomo mrefu zaidi. Ndiye anayeongoza kikundi cha wasomaji shuleni kwao. Alikula mkate uliopakwa Vegemite akiwa amesimama mbele ya rafu zangu.

"Shangazi, kile cha mashetani wa theluji tumekiacha wote. Ulisema kweli. Yule dada kila akikasirika macho yanabadilika rangi! Mara zambarau, mara dhahabu. Jasmine wa kikundi chetu akasema huyo siyo shujaa, ni taa za barabarani."

"Mwambie Jasmine nitaliiba hilo."

"Iba tu. Halafu hiki? Mabinti wa Chumvi? Kila mtu anakisubiri. Umemaliza?"

"Karibu."

"Kizuri?"

Nikainua mabega. Akanitazama kwa imani, na sikuipenda imani ile.

"Usiposema wewe hatununui," akasema. "Tumekubaliana. Wengine wote wanapakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe hudanganyi."

Alipoondoka nilikichukua kitabu. Nilifika kwenye alamisho nikakirudisha kitabu rafuni. Kwani kuna haja gani? Kinavyoisha nakijua. Nilikiandika mimi.

Jumapili, 30 Machi

Nimeandika uhakiki. Ulinichukua dakika arobaini, na kalamu yangu haijawahi kutiririka hivyo. Naunukuu hapa mwisho wake, ili baadaye nisijidanganye kuhusu nilichosema:

"Nyota moja. Lugha inang'aa, lakini chini yake kuna baridi. Mwandishi hampendi mtu yeyote, anawatazama tu. Na ule mwisho! Maren anashika kamba hadi viganja vinachunika, kamba inakatika, mto unamchukua, na Ilka anasimama ng'ambo akilia vizuri. Tumeuona mara ngapi huu ujanja? Ua msichana mmoja ili mwingine apate sababu ya kukua. Wasomaji vijana wanastahili zaidi ya maiti ya bei rahisi."

Nimeubandika saa kumi jioni. Mwili wote ulikuwa mwepesi. Nilikaanga mayai matatu nikala yote.

Nimeukashifu mwisho wangu mwenyewe, kumbe. Sikulifikiria hilo hadi nilipokuwa naosha sufuria.

Jumatano, 2 Aprili

Hakuna nilichowahi kuandika kikasambazwa hivi. Wanauita ujasiri. Mwalimu mmoja wa Perth ameuliza kama anaweza kuusoma darasani.

Alhamisi, 10 Aprili

Ukungu hadi saa nne. Sasa ni matufaha ya Fuji. Mtu mmoja mwenye nakala ya awali kama yangu ameuliza chini ya uhakiki: "Samahani, hii kamba iko ukurasa gani? Labda nimeruka."

Nimelifuta swali lake. Sijawahi kufuta swali la mtu. Nilijiambia ni mchokozi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kwa kaka. Kondoo wa kuoka, mayai ya chokoleti. Saskia alisema kikundi kimeamua kutonunua. Kaka akaniita Hakimu Mkuu. Nikacheka pamoja nao.

Jumanne, 22 Aprili

Kimetoka leo.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo ni Siku ya Anzac, ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, banda limefungwa. Alfajiri nilisimama mnarani na wenzangu, tarumbeta ikapigwa, nikarudi kulala. Saa tisa Saskia akaja kwa baiskeli na biskuti za shayiri alizooka mama yake. Hakuvua kofia yake ya baiskeli.

"Shangazi, Maren hafi."

Nilikuwa nafungua bati la biskuti.

"Nini?"

"Kwenye kitabu. Niliazima nakala ya Jasmine, mama yake alimnunulia bila kujua tumesusa. Nimemaliza jana. Maren hafi. Ilka anageuza pantoni, anarudi, anambeba, wanavuka wote wawili. Hakuna kamba. Nimetafuta, shangazi. Hakuna kamba popote."

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa. Mtoto alikuwa ananitazama akiomba nimpe maelezo, yoyote, na mimi nikampa.

"Nakala za awali huwa tofauti," nikasema. "Huwa wanabadilisha. Mwandishi ameona uhakiki wangu, ameogopa, amerekebisha."

Uso wake ulifunguka. Aliamini! Akaanza hata kufurahi. "Kwa hiyo umembadilisha wewe! Shangazi, hiyo ni kubwa, lazima uwaambie watu! Nionyeshe hiyo nakala, nipige picha ule ukurasa wa kamba."

"Nimeshaigawa."

Akageuka kwenye rafu, kwa mazoea tu, nafikiri, maana kila akija huzitazama. Kilikuwa pale kwenye usawa wa macho yake, jalada lile jepesi, na alamisho ikitokeza katikati. Alikitoa. Akakifungua penye alamisho. Akageuza kurasa zilizofuata, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Kitabu nilichokisoma mimi hukijua mtu kwa kukishika, kwa sababu nakunja pembe na kuchora mistari. Kuanzia mia mbili kumi na tatu kurasa zilikuwa safi.

"Hujakisoma," akasema.

"Saskia, sikiliza—"

"Hujakisoma! Ulisema maiti ya bei rahisi. Mimi nimeirudia hiyo darasani, shangazi. Nimewaambia wenzangu kwa mdomo wangu huu."

"Nilikuwa najua mwisho. Nilikuwa na sababu zangu."

"Kamba umeitoa wapi?"

Nikafunga bati la biskuti. Kumweleza kamba ningelazimika kumweleza madaftari, basi la shule, kiharusi, kapu la matunda. Nikaona aibu ya hayo kuliko nilivyoona aibu ya uongo.

"Njia ya mwongo fupi," akasema, na sauti ilikuwa ya kitoto, ya kukariri. Kisha akakiweka kitabu mezani polepole, kama kitu cha mtu mwingine, akaondoka. Biskuti ziko hapa. Sijagusa.

Jumatatu, 28 Aprili

Si Saskia aliyesema. Ni yule wa swali la tarehe 10. Alikuwa amepiga picha swali lake kabla sijalifuta. Kufika saa sita mchana tayari ukurasa wangu ulikuwa unawaka moto. Tapeli. Mwenye wivu. Anauza uongo kwa watoto. Yule mwalimu wa Perth amesema atautumia uhakiki wangu darasani kama mfano, safari hii wa kitu kingine.

Na jioni ujumbe wa Odette, wa kwanza kwa miaka kumi na saba. Naunakili wote:

"Merryn. Kamba ilikuwa kwenye daftari la tisa. Mwanzo niliuweka mwisho wako kama ulivyokuwa. Mhariri wangu aliupenda, alisema ndio unaobeba kitabu. Tuligombana mwaka mzima na nikashinda mimi. Sikuweza kukuua tena, ulikuwa umebaki mara moja tayari. Sikutia barua kwenye bahasha kwa sababu nilitaka unisome kama unavyowasoma wengine, bila upendeleo. Nasoma ukurasa wako kila wiki. Nilitaka kujua unaonaje, kwa kweli. Nilidhani utakisoma."

Nimeusoma mara nyingi. Hakuna tusi hata moja ndani yake, na ningelipa chochote nilipate moja.

Jumamosi, 3 Mei

Theluji ya kwanza juu ya milima. Nimeandika kwenye ukurasa: sikukimaliza kitabu, nilihukumu kwa chuki, nilimdanganya mtu aliyeniamini. Bila udhuru. Kisha nimeufunga. Odette nimemjibu neno moja, samahani. Ameona. Hajajibu.

Jumanne, 6 Mei

"Wananiita tapeli, mama," nilimwambia Noelene.

"Na wewe uliwaita wangapi?"

"Wewe ndiye uliyesema nimchambue!"

"Mimi?" Akasimamisha mikono, jambo asilolifanya kamwe mkanda ukiwa unatembea. "Mimi sijui kitabu kinafunguliwa upande gani. Ungemsikiliza nani, mimi? Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwanangu. Haya, tazama kazi, hilo limechubuka."

Lilikuwa limechubuka kweli.

Jumapili, 11 Mei

Matufaha ya mwisho, ya Pink Lady, yametoka juzi. Msimu umekwisha. Leo nimekaa mezani na kalamu, nikaanza mia mbili kumi na mbili, nikasoma hadi neno la mwisho.

Kapu la matunda nililielewa vibaya. Mgeni anamuuliza Ilka kwa nini basi anampenda mtu wa namna hiyo, na jibu liko ukurasa unaofuata, nusu ukurasa mzima. Sitalinakili. Lilikuwa linanisubiri nyuma ya karatasi moja tangu mwezi wa tatu.

Lakini lazima niandike na hili, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna kitu kingine ninachojua kufanya. Mwisho ni mbovu. Naapa ni mbovu. Kurasa mia tatu sabini anatufundisha kwamba pantoni ikivuka lazima mmoja abaki. Watu wanaishi kwa sheria hiyo, wanakula mbele ya sahani tupu. Kisha Ilka anageuza pantoni na sheria inayeyuka, wote wanavuka, kuna karamu, hata mzee mgonjwa anapona. Sahani zote zile zilikuwa za nini? Amekivunja kitabu chake kwa huruma. Mhariri alikuwa sahihi. Maren alipaswa kubaki. Ni kitabu cha nyota tano kilichoishia na nyota tatu, na ameziacha hizo mbili kwa ajili yangu.

Nimeyaandika haya yote vizuri, sura kwa sura, na namba za kurasa. Ni uhakiki bora kuliko wote niliowahi kuandika. Ukurasa sina tena, na Odette siwezi kumpelekea, haki hiyo nimeipoteza. Nimempelekea Saskia peke yake.

Amejibu baada ya saa mbili: "Safari hii umefika ukurasa wa ngapi?"

Nimemwandikia: mia tatu themanini na sita, wa mwisho. Amesoma.